Avogadro: Mwanasheria wa Turin aliyewafundisha wakemia kuhesabu kwa mizani

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka, wanafunzi wa kidato cha nne wanapoingia maabara kufanya mtihani wa kemia kwa vitendo, hukutana na swali ambalo kwa sura ni la hesabu tu: mmumunyo uliomo katika chupa hii una ukolezi wa moli ngapi kwa lita?

Wengi hukumbuka kanuni, hugawanya namba, huandika jibu na kusonga mbele. Ni wachache wanaofahamu kwamba nyuma ya hesabu hiyo yamejificha maisha ya mtu aliyesomea sheria za kanisa, akaigeukia sayansi akiwa mtu mzima, akatoa wazo lililopuuzwa na wakubwa wa zama zake, kisha akafariki dunia kabla wazo hilo halijakubaliwa.

Mtu huyo ni Amedeo Avogadro, raia wa Turin, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Italia. Jina lake limebandikwa kwenye namba ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuihesabu wala kuiona imeandikwa.

Mtoto wa hakimu

Avogadro alizaliwa Turin Agosti 9, 1776, katika ukoo wa kikabaila uliokuwa umezoea kutoa wanasheria. Baba yake, Filippo, alikuwa hakimu mwenye heshima kubwa. Majina yake kamili yalikuwa marefu kama ilivyokuwa desturi ya watu wa tabaka lake: Lorenzo Romano Amedeo Carlo Avogadro. Baadaye alirithi pia cheo cha Kaunti wa Quaregna na Cerreto.

Njia yake ilikuwa imekwisha kuchongwa kabla hajaweza kuchagua. Akiwa na umri wa miaka 16 tu alikuwa na shahada ya kwanza ya sheria, na mwaka 1796, akiwa na miaka 20, alitunukiwa udaktari katika sheria za kanisa. Akaanza kazi ya uanasheria, na hakuna aliyetarajia kwamba angefanya jambo jingine.

Lakini moyo wake haukuwa mahakamani. Kuanzia mwaka 1800 alianza kujisomea hisabati na fizikia. Ilikuwa miaka ambayo habari za umeme zilikuwa zikizungumzwa kila pembe ya Ulaya, baada ya Alessandro Volta kutengeneza betri ya kwanza. Mwaka 1803 Avogadro, akishirikiana na ndugu yake Felice, aliandika utafiti wake wa kwanza, nao ulihusu umeme.

Mwaka uliofuata Chuo cha Sayansi cha Turin kilimpokea kama mwanachama mshiriki. Mwaka 1809 aliteuliwa kuwa mwalimu katika chuo cha mji mdogo wa Vercelli. Mwanasheria akawa amekwisha kuwa mwalimu wa sayansi.

Fumbo la maji

Ili msomaji aelewe ukubwa wa jambo alilolifanya huko Vercelli, ni vema kwanza kuitazama hali ya kemia ya wakati ule.

Mwingereza John Dalton alikuwa ameeleza kwamba vitu vyote vimeundwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, yaani atomu, na kwamba atomu za kila elementi zina uzito wake. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilikuwa na pengo. Mizani iliweza kuonyesha kwamba katika maji, kila gramu 1 ya hidrojeni imeungana na gramu 8 za oksijeni. Haikuweza kuonyesha ni atomu ngapi za hidrojeni zilizoungana na atomu ngapi za oksijeni.

Dalton alichagua jibu lililokuwa rahisi kuliko yote: moja kwa moja. Kwa hesabu hiyo, atomu ya oksijeni ingekuwa na uzito wa karibu 8, na chembe ya maji uzito wa 9. Leo kila mwanafunzi anajua kwamba namba hizo ni 16 na 18.

Kosa hilo halikuwa dogo. Anayekosea uzito wa chembe hukosea pia idadi ya chembe, na anayekosea idadi hawezi kujua ukolezi wa mmumunyo wowote.

Mwaka 1808 Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac alitoa dokezo muhimu. Alionyesha kwamba gesi huungana kwa ujazo wenye uwiano rahisi. Ujazo mmoja wa oksijeni huungana na ujazo wawili wa hidrojeni, na kinachopatikana ni ujazo wawili wa mvuke wa maji.

Hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Ikiwa chembe ya oksijeni ni atomu moja isiyogawanyika, ujazo mmoja wa oksijeni unawezaje kutosha kwa ujazo wawili wa mvuke? Ni sawa na kusema kwamba machungwa kumi yamegawiwa watoto ishirini, na kila mtoto amepata chungwa zima. Dalton, badala ya kulitafutia fumbo jibu, alivitilia shaka vipimo vya Gay-Lussac.

Avogadro alivikubali vipimo, akauliza kinachopaswa kuwa kweli ili vipimo hivyo viwezekane.

Jibu alilitoa mwaka 1811 katika jarida la fizikia lililochapishwa Paris, kwa lugha ya Kifaransa. Lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, gesi zozote zenye ujazo sawa, zikiwa katika joto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Pili, molekuli ya elementi inaweza kuwa na atomu zaidi ya moja, na inaweza kupasuka katikati inapoungana na kitu kingine.

Kwa sehemu hizo mbili fumbo likafumbuka. Molekuli ya oksijeni ina atomu mbili, hugawanyika, na kila nusu huchukua hidrojeni yake. Chungwa lilikuwa na vipande viwili tangu mwanzo.

Ukimya wa nusu karne

Msomaji angetarajia kwamba siku iliyofuata wakemia wa Ulaya walipiga vigelegele. La hasha. Hakuna aliyeshtuka.

Mwaka 1814 Mfaransa André-Marie Ampère, mtu mwenye jina kubwa, alifikia hitimisho linalofanana, lakini naye hakufanikiwa kuwashawishi wenzake.

Sababu zilikuwa kadhaa. Avogadro aliishi mbali na Paris, London na Stockholm, ambako hoja za kemia ziliamuliwa. Maandishi yake yalikuwa mazito, na hakuwa mtu wa majaribio mengi ya maabara yenye kuvuta macho. Aidha, hakuwa mtu wa kujitangaza.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa cha kinadharia. Msweden Jöns Jacob Berzelius, ambaye neno lake lilikuwa na uzito mkubwa katika kemia ya siku zile, alifundisha kwamba atomu huungana kwa sababu moja ina umeme chanya na nyingine hasi. Kwa mtazamo huo, atomu mbili za oksijeni zingesukumana, hazingeweza kushikana. Molekuli ya Avogadro ilionekana kuwa kitu kisichowezekana.

Hata Mfaransa Jean-Baptiste Dumas, aliyejaribu kulitumia wazo hilo kwa kupima uzito wa mivuke, alikata tamaa. Vipimo vyake vya mvuke wa salfa, fosforasi na zebaki havikulingana na alichokitarajia. Alidhani kwamba wazo lina kasoro, kumbe molekuli za elementi hizo hazina idadi moja ya atomu.

Wakati huo Avogadro mwenyewe alikuwa akipambana na misukosuko ya aina nyingine. Mwaka 1820 alipewa kiti cha uprofesa wa fizikia ya kihisabati katika Chuo Kikuu cha Turin. Mwaka uliofuata yakazuka maasi ya kisiasa dhidi ya ufalme, na mwaka 1822 kiti chake kikafutwa. Sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa ya kiungwana: kwamba mwanasayansi huyo apumzishwe mzigo wa kufundisha ili apate nafasi ya utafiti.

Akarudi katika shughuli za sheria ili kuitunza familia yake, yeye na mkewe Felicita Mazzé pamoja na watoto wao sita. Kiti kilirejeshwa miaka kumi baadaye, lakini kwanza kilikaliwa na mwanahisabati wa Kifaransa Augustin-Louis Cauchy. Avogadro alikirudia mwaka 1834, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 1850.

Katika miaka hiyo aliandika kitabu kikubwa cha fizikia chenye juzuu nne, kilichotoka kati ya mwaka 1837 na 1841. Alilitumikia taifa lake pia katika masuala ya takwimu, hali ya hewa, na mizani na vipimo.

Alifariki dunia mjini Turin Julai 9, 1856, ukiwa umebaki mwezi mmoja tu atimize miaka 80. Wazo lake la mwaka 1811 lilikuwa na umri wa miaka 45, na kwa wakemia wengi lilikuwa limesahauliwa.

Kijitabu cha Karlsruhe

Wahenga walisema mgala muue na haki umpe. Haki ya Avogadro ililetwa na kijana wa Sicily, Stanislao Cannizzaro, aliyewahi kuikimbia nchi yake baada ya kushiriki katika mapinduzi ya mwaka 1848.

Mwaka 1858, akiwa mwalimu mjini Genoa, Cannizzaro alichapisha muhtasari wa somo lake la kemia. Ndani yake alionyesha, hatua kwa hatua, kwamba anayeliamini wazo la Avogadro na kulifuata hadi mwisho hupata uzito wa atomu usiogongana popote. Vipimo vilivyomkatisha tamaa Dumas vilipata maelezo yake.

Wakati huo kemia ilikuwa imechafuka. Kila mkemia alikuwa na namba zake. Kitabu cha Mjerumani August Kekulé cha mwaka 1861 kiliorodhesha fomula 19 tofauti zilizokuwa zimependekezwa kwa ajili ya kitu kimoja tu, asidi inayoupa siki ukali wake.

Ili kuondoa vurugu hiyo, mkutano mkubwa wa wakemia uliitishwa mjini Karlsruhe, Ujerumani, Septemba 1860. Cannizzaro alizungumza, lakini mkutano ulifungwa bila uamuzi. Ndipo rafiki yake, Angelo Pavesi, alipowagawia wajumbe nakala za kijitabu kile.

Wajumbe wakaondoka nacho mifukoni. Mmoja wao, Mjerumani Lothar Meyer, alikisoma na mashaka yake yakamtoka. Mwingine aliyehudhuria alikuwa Mrusi wa miaka 26 aitwaye Dmitri Mendeleev. Miaka tisa baadaye, akitumia uzito wa atomu uliosahihishwa, Mendeleev alichapisha jedwali la elementi ambalo leo limetundikwa katika maabara za shule duniani kote.

Korija ya wakemia

Namba yenyewe ilikuja baadaye. Mwaka 1865 Josef Loschmidt wa Vienna alikadiria ukubwa wa molekuli, na kwa njia hiyo idadi yake ikaanza kukadirika. Neno moli lilianza kutumika mwishoni mwa karne ya 19, kwa Mjerumani Wilhelm Ostwald. Mwaka 1909 Mfaransa Jean Perrin, aliyekuwa akiipima idadi hiyo kwa njia mbalimbali, alipendekeza iitwe kwa jina la Avogadro.

Tangu Mei 20, 2019, namba hiyo imewekwa rasmi bila makadirio: moli moja ni chembe 602,214,076 zikifuatiwa na sifuri 15.

Ukubwa wa namba usimtishe msomaji, kwani maana yake ni nyepesi. Muuza khanga anaposema korija moja, mnunuzi anajua ni khanga ishirini. Muuza sahani husema dazeni, akimaanisha kumi na mbili. Moli ni korija ya wakemia.

Tofauti ni kwamba molekuli hazihesabiki kwa vidole. Hapa ndipo mizani inaposhika kazi. Kwa kuwa uzito wa kila chembe unajulikana, anayepima gramu amekwisha kuhesabu. Gramu 18 za maji ni moli moja. Gramu 58.5 za chumvi ya mezani ni moli moja pia, kwa sababu sodiamu ina 23 na klorini 35.5.

Hesabu yenyewe

Ukolezi wa moli katika mmumunyo hupatikana kwa hatua tatu. Kwanza, jumlisha uzito wa atomu zote katika fomula ili upate gramu za moli moja. Pili, gawanya gramu ulizopima kwa namba hiyo ili upate moli. Tatu, gawanya moli kwa ujazo wa mmumunyo katika lita.

Chukua gramu 5.85 za chumvi zilizoyeyushwa na kufikishwa mililita 500. Gramu 5.85 gawanya kwa 58.5 ni moli 0.1. Mililita 500 ni lita 0.5. Moli 0.1 gawanya kwa lita 0.5 ni moli 0.2 kwa lita.

Makosa yanayowaponza wengi ni matatu. La kwanza ni kusahau kugeuza mililita kuwa lita, kosa linaloharibu jibu mara elfu moja.

La pili ni kupima mililita 500 za maji kisha kutia chumvi. Ujazo unaotakiwa ni wa mmumunyo uliokamilika, si wa maji peke yake. Fundi wa maabara huyeyusha kwanza katika maji kidogo, kisha huongeza maji taratibu hadi kwenye alama ya shingo ya chupa.

La tatu ni kuyasahau maji yaliyofichika ndani ya fuwele. Mrututu wa buluu ni mfano mzuri. Bila maji, moli moja ya mrututu ina gramu zipatazo 160. Lakini katika fuwele za buluu kila kipimo cha mrututu kimebeba molekuli tano za maji, yaani 5 mara 18, ambazo ni gramu 90. Jumla ni 250.

Anayetaka lita moja yenye moli 0.1 lazima apime gramu 25 za fuwele hizo. Akipima gramu 16, atapata moli 0.064 tu, na mmumunyo wake utakuwa dhaifu kwa zaidi ya theluthi moja.

Kuzimua mmumunyo hakuhitaji kanuni mpya. Maji yanapoongezwa, moli hazipungui wala haziongezeki; zinatawanyika tu. Mililita 25 za mmumunyo wenye moli 2 kwa lita zina moli 0.05. Zikifikishwa mililita 500, ukolezi unakuwa moli 0.1 kwa lita. Jambo la kukumbuka ni usalama: asidi kali humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.

Pakiti ya mtoto anayeharisha

Kwa anayedhani kwamba hayo ni mambo ya mitihani tu, atazame pakiti ya ORS inayotolewa katika zahanati kwa mtoto anayeharisha.

Mchanganyiko uliopendekezwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF una gramu 13.5 za glukosi kwa lita moja. Moli moja ya glukosi ni gramu 180, hivyo ukolezi wake ni moli 0.075 kwa lita. Sodiamu, inayotoka katika chumvi na katika sitrati, nayo ni moli 0.075 kwa lita.

Usawa huo si wa bahati. Katika utumbo, glukosi na sodiamu hupita mlango mmoja zikiandamana, na maji huzifuata nyuma. Ukitazama mizani pekee huwezi kuuona usawa huo: gramu 13.5 za glukosi upande mmoja, na gramu 1.7 tu za sodiamu upande wa pili. Ni moli zinazoonyesha kwamba idadi ni ileile.

Mchanganyiko uliotangulia ulikuwa mzito zaidi, wenye moli 0.111 za glukosi na 0.090 za sodiamu kwa lita. Ulipopunguzwa, watoto walitapika na kuharisha kidogo zaidi, na wachache zaidi walihitaji kuwekewa maji kwa mshipa.

Ndiyo maana muuguzi husisitiza kiasi cha maji. Pakiti ya lita moja ikikorogwa katika nusu lita, moli ni zilezile lakini ukolezi ni mara mbili, na sodiamu iliyozidi inaweza kumdhuru mtoto ambaye mwili wake umekwisha kukaukiwa. Mama anayepima maji kwa chupa ya lita moja iliyo safi anaitenda hatua ya tatu ya hesabu ya moli, hata kama hakuwahi kuisoma.

Mwaka 1911, miaka mia moja baada ya andiko lake, mji wa Turin ulimkumbuka Avogadro kwa hafla iliyohudhuriwa na mfalme wa Italia. Kasoko moja mwezini pia inabeba jina lake. Heshima hizo zote zilimfikia akiwa kaburini.

Hata hivyo, huenda kumbukumbu iliyo kubwa kuliko zote ni ile isiyotaja jina lake kabisa: pakiti iliyopimwa sawasawa, maji yaliyofika kwenye alama, na mtoto anayeamka asubuhi akiomba uji.